Kumfukuza Mwenye Shida ni Hasara ya Tajiri Mwenyewe

Liko neno ambalo matajiri wengi wa upande wetu huu, toka Murongo hapa mtoni hadi Kayanga, hulipenda kuliko sala: "Shida zako ziache nyumbani, hapa ni kazini." Neno hilo huambiwa mchimbaji katika mashimo ya bati, huambiwa karani wa stoo, mlinzi wa usiku, utingo wa lori lingojalo kuvuka Kagera kwenda Kikagati, na hata mwalimu wa shule. Sisi twauliza: ataziachaje? Je, aliyefiwa huuvua msiba wake mlangoni kama viatu? Mwenye deni huwafungia wadai wake kabatini akaenda zake? Mtu huja kazini na shida yake, hufanya kazi nayo, na kazi huharibika. Ndipo tajiri hukasirika, akaandika barua ya mistari mitatu, na mtu akafungasha.

Ndugu wasomaji, hatukuja leo kulilia huruma. Leo twataka kusema na tajiri kwa lugha aijuayo, nayo ni lugha ya hesabu. Sisi twashikilia ya kwamba mwajiri anayemsaidia mfanyakazi wake aliyeingiwa na shida, awe amefiwa, amelemewa na pombe, amekabwa na deni, au anaumwa, hampi sadaka. Analinda mali yake. Na anayemfukuza anaitupa mali hiyo mtoni, huku akidhani ameonyesha ukali wa bwana mkubwa.

Chukueni mfano mmoja tulioujua kwa karibu. Jina la tajiri hatulitaji, wala la mtu wake. Palikuwa na mwendesha mashine ya kukoboa kahawa, miaka tisa juu ya mashine ile ile. Akiisikia inavyovuma tu alijua kama mkanda umelegea au kama maganda hayajakauka. Mkewe akafariki, akamwachia watoto watatu. Mwezi wa kwanza alikuja kazini kimya. Wa pili akaanza kunukia rubisi asubuhi. Wa tatu akaingia katika gongo. Alichelewa mara nne, na mara ya tano akamkuta mtu mwingine amesimama mahali pake.

Yule mwingine alikuwa kijana hodari, hatumlaumu, lakini mashine hakuifahamu. Akapitisha kahawa yenye unyevu, punje zikavunjika, mnunuzi akashusha bei. Katikati ya msimu mashine ikasimama siku sita. Fundi akaitwa toka Bukoba kwa nauli na posho. Wakulima wakageuza magunia yao wakaenda kukoboa kwingine, na wengine hawakurudi hata msimu uliofuata. Tulipomwuliza tajiri yule hasara yake ilikuwa kiasi gani, alitujibu, "Mwalimu, hiyo sikuiandika." Hapo ndipo penye taabu. Mshahara anauandika. Ulevi wa mfanyakazi anauona kwa macho. Lakini gharama ya kumpoteza mtu haina safu katika daftari lake.

Basi na tuifungue safu hiyo. Kwanza andika siku za kutafuta mtu mpya. Chini yake andika miezi ya kumfundisha, na muda wa msimamizi anayemfundisha, ambaye naye ana kazi yake. Andika vitu vitakavyovunjika mikononi mwa mgeni. Andika malipo ya notisi. Kisha andika kiinua mgongo, maana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10. Kwa mtu wa miaka tisa hizo ni siku 63 za mshahara kwa mtu asiyefanya kazi tena. Tajiri atasema, "Huyu kakosa nidhamu, hastahili." Yawezekana. Lakini akishindwa kulithibitisha kosa hilo mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, au akikutwa ameruka hatua za haki, atalipa fidia inayohesabiwa kwa miezi ya mshahara, na juu yake nauli za kwenda na kurudi na siku alizoliacha duka.

Upande wa pili wa daftari andika haya: likizo ya majuma mawili kwa aliyefiwa, badala ya zile siku 4 ambazo sheria imeziweka kuwa za chini kabisa, safari ya kwenda kumwona mganga Nyakahanga, mzee mmoja wa kukaa naye, na onyo la maandishi lenye tarehe. Yote pamoja hayafiki bei ya siku mbili za mashine iliyolala. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na tajiri wetu ndiye anayejenga ukuta kila msimu huku akinung'unika kwamba simenti imepanda.

Wala hesabu hii si jambo jipya lililozuliwa na vijana wa vyuo. Waliifahamu hata wale waliotutawala, ambao hakuna awezaye kuwashitaki kwa huruma. Ng'ambo ya Kagera hii hii, katika Ruanda-Urundi ya Wabelgiji, kampuni ya Union Minière ilikuwa ikiandikisha watu katika miaka ya 1920 na kuwapeleka Katanga kuchimba shaba. Walikufa wengi, na wengine walitoroka, na kila aliyekufa au kutoroka aliondoka na gharama ya kumleta. Mwishoni mwa miaka hiyo kampuni ikageuza njia: ikawaruhusu wafanyakazi waje na wake zao, ikawajengea nyumba na hospitali, ikawapa chakula bora na mikataba mirefu. Vifo vikapungua, watu wakakaa, na kazi ikawa na mafundi badala ya wageni wa kila mwaka. Hapakuwa na upendo hapo. Palikuwa na daftari lililoandikwa vizuri.

Hapa Tanganyika mabwana wa mkonge walikuwa wazito kuelewa. Walifungua ofisi yao ya kuandikisha manamba, SILABU, mwaka 1944, wakawa wanaleta watu toka mbali kwa malori na garimoshi, na mtu akichoka walimrudisha wakaleta mwingine. Wazee wetu waliobeba kipande wanajua maisha yale. Sheria ya mwaka 1964 ya kulinda ajira ndiyo iliyomnyima tajiri ule uhuru wa kufukuza kwa hasira ya asubuhi. Na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulipokataza kiburi na ubabe wa wakubwa, wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam waliacha kazi mara kwa mara, na mara nyingi hawakudai senti. Walidai wasitukanwe na wasidharauliwe. Kiwanda kilichosimama kwa sababu ya matusi ya meneja kilipata hasara ile ile ya kiwanda kilichokosa mafuta. Mwenye masikio alisikia.

Lakini sisi watu wa Kagera hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta somo, maana somo kubwa lilikuja kwetu kabla ya kwingine kokote katika nchi hii. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walionekana katika mkoa wetu. Watu waliuita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la nguo za magendo zilizovuka mpaka toka Uganda, maana walidhani umekuja ndani ya nguo. Miaka ile mfanyakazi aliyeanza kukonda alijua mambo mawili: atakufa, na kabla ya kufa ataachishwa kazi. Kwa hiyo alificha. Alificha kwa mganga, alificha kwa mkewe, na zaidi alificha kwa tajiri. Aliyeficha hakutibiwa hata homa ndogo, na kazini alikuwa nusu mtu. Ni walimu wangapi wa mkoa huu walioingia darasani wakiwa wamejikongoja, kwa sababu kusema wazi ilikuwa ni kujifungulia mlango wa kutokea?

Kisha zikaja dawa za kufubaza virusi, na hapo wenye akili ya biashara walitangulia. Kampuni ya bia ya Heineken iliamua mwaka 2001 kuwapa dawa wafanyakazi wake wa Afrika pamoja na jamaa zao, na ilianzia kwa jirani zetu, katika viwanda vyake vya Rwanda na Burundi. Agosti 2002 kampuni ya migodi ya Anglo American ikatangaza jambo hilo kwa wachimbaji wake wa Afrika Kusini. Hapa kwetu Serikali ilianza kuzitoa bure mwaka 2004. Je, kampuni za bia na dhahabu zilikuwa zimeokoka? La. Zilikuwa zimepiga hesabu ya kumzika fundi na kumfundisha mwingine ambaye naye atazikwa.

Yupo tajiri atakayesema hayo ni maneno ya jukwaani. Tumpeleke Kericho, Kenya, kwenye mashamba ya chai. Mchuma chai hulipwa kwa kilo, kwa hiyo kila siku yake imeandikwa kwa mizani, na mizani haina chama. Wataalamu waliyafungua madaftari hayo, wakachapisha waliyoyaona mwaka 2004. Wachumaji waliokuwa na ugonjwa huu, katika mwaka mmoja na nusu wa mwisho kabla ya kuondoka kazini, walikuwa wakichuma pungufu ya wenzao kwa kilo 4 hadi karibu kilo 8 kila siku, tena siku za kuumwa zikiwa nyingi zaidi. Tajiri alikuwa akipata hasara kila jioni kwenye mizani, kabla hajajua kwamba mtu wake anaumwa. Baadaye, dawa zilipoingia mashambani humo, matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha watu wale wale wakirudi kwenye majani, siku zao za kuchuma zikipanda tena, ingawa hawakuwafikia kabisa wenzao wazima. Hiyo ndiyo maana ya msaada kazini. Kikapu kilichokuwa kimeanza kuwa chepesi kikapata uzito tena.

Tuseme kidogo juu ya pombe, maana ndipo tajiri anapokuwa mkali kuliko hakimu. Marekani, katika miaka ya 1940, wakati wa vita na baada yake, mafundi walipokuwa adimu, kampuni kubwa kama DuPont na Eastman Kodak zilianza mipango ya kuwasaidia walevi wao waache pombe wabaki kazini. Waliona ya kwamba mlevi wao mara nyingi ni mtu mzoefu, si kijana wa juzi, na kwamba kumtibu ni rahisi kuliko kumtengeneza mwingine. Baadaye mipango ile ilipanuliwa ikashika pia ndoa, deni, msiba na magonjwa ya moyo uliochoka. Huko kwao siku hizi ni jambo la kawaida kama kadi ya hospitali. Hapa kwetu pombe ya mfanyakazi bado ni kichekesho mpaka siku mtu anapokatwa vidole na mkanda.

Na deni? Waulizeni walimu. Sisi tuliopita chuo cha ualimu twajua jinsi mtu anavyokopa kwa ajili ya msiba au ada, akampa mkopeshaji kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri, na toka siku hiyo mshahara wake huliwa kabla hajauona. Wananchi wameipa mikopo hiyo jina linaloifaa: kausha damu. Mwalimu wa namna hiyo husimama ubaoni mwili upo, lakini moyo uko kwa mkopeshaji. Hufundisha asubuhi, mchana akakimbilia kuuza vitumbua au kuendesha pikipiki. Nani anayepata hasara? Serikali inayolipa mshahara kamili kwa nusu mwalimu, na watoto wetu wanaofika darasa la nne hawajui kusoma. SACCOS ya wafanyakazi yenye riba ya kibinadamu, ikipewa nguvu na mwajiri anayepeleka makato kwa wakati, ingemrudisha mwalimu yule darasani mzima.

Sasa twende kwenye maneno ya wapinzani, maana tumeyasikia barazani na hatutayakwepa.

La kwanza husema: "Mkiwafungulia mlango huo, kila mvivu atajidai ana shida." Wavivu wapo, na sisi hatukuanzisha chama ili kuwalinda. Lakini mpango wa msaada haufuti nidhamu. Mtu huitwa, huonyeshwa kazi yake ilivyoshuka kwa tarehe na kwa kiasi, huulizwa kuna nini, huelekezwa pa kusaidiwa, na huwekewa muda. Asipoubadili mwendo wake, sheria ipo. Na tajiri aliyefuata hatua hizo atasimama mbele ya Tume bila kutetemeka. Tena Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinamtaka, kabla ya kumwondoa mtu kwa sababu ya afya, atazame chanzo cha udhaifu wake na kama kazi yaweza kubadilishwa. Kwa hiyo twamwambia afanye mapema, kwa faida, jambo ambalo huenda akaulizwa baadaye kwa hasara.

La pili husema: "Hayo ni ya kampuni kubwa, mimi nina watu wanane tu na karai zao." Hili lina uzito. Mwenye duara la bati huko Kyerwa hawezi kuajiri mshauri wala daktari. Hata Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015 na ambao mwajiri anauchangia, unamhusu aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi. Msiba na deni haumo ndani yake. Lakini nani kasema kila duara liwe na ofisi? Matajiri kumi wa eneo moja waweza kuchanga kidogo kidogo, wakapatana na kituo cha afya siku moja ya wiki, na wakakubaliana wote kwamba mtu akifiwa atakopeshwa mshahara wa mwezi bila riba. Wakichangia ulinzi wa usiku hawalalamiki.

La tatu halisemwi na matajiri. Husemwa na wafanyakazi wenyewe kwa sauti ya chini, na ndilo tunalolistahi kuliko yote: "Nikimweleza tajiri shida yangu, nimempa kamba ya kunifunga." Ndugu zetu hao wana haki kuogopa. Turudi Katanga. Kampuni ile ile iliyojenga hospitali na kugawa unga ilikataa kusikia sauti ya mfanyakazi, na Desemba 1941 wachimbaji wa Elisabethville walipogoma kudai mshahara, askari waliwapiga risasi, wakafa makumi. Msaada usio na haki ndani yake ni zizi. Ng'ombe pia hutibiwa.

Kwa sababu hiyo sisi twaweka sharti, na sharti hili hatulipunguzi. Mwenye kupokea siri ya mfanyakazi asiwe tajiri wala msimamizi wala mpwa wa tajiri. Awe muuguzi, au mzee aliyechaguliwa na wafanyakazi, au mtu wa chama chao, TAMICO kwa wachimbaji na CWT kwa walimu. Tajiri ajue jambo moja tu: mtu wake anahudhuria au hahudhurii. Ugonjwa gani, deni kiasi gani, ugomvi gani wa nyumbani, hayo hayamhusu. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 imekwisha kukataza kumpima mtu kwa nguvu, na tunataka roho hiyo hiyo ienee kwenye pombe na deni na huzuni. Hili nalo ni faida kwa tajiri kama anajua kuhesabu, maana mpango ambao watu wanauogopa hautumiwi, na usipotumiwa fedha yake imepotea, na yule mwendesha mashine atazidi kuficha chupa nyuma ya magunia.

Twaomba nini basi? Twaomba matawi yetu ya Murongo na vijiji jirani yawaite waajiri na wafanyakazi kikao kimoja, si cha kugombana. Waje wenye mashine za kahawa, wenye maduara, wenye malori, wenye hoteli za hapa mpakani, na wakuu wa shule. Kila mwajiri aje na hesabu ya watu aliowaachisha mwaka uliopita na sababu zake, na aandike mwenyewe kila mmoja alimgharimu nini. Wafanyakazi waje na jina la mtu wanayemwamini kushika siri. Wenye mashine za kahawa watangulie, kabla magunia hayajaanza kuingia, maana wao ndio wanaojua bei ya siku moja ya kusimama. Wenye maduara wakichelewa, vibarua wao watawauliza kwa nini.